Neno "mgonjwa" limeninyima kazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku nililokaa nalo tangu mwanzoni mwa Aprili. Mlichapisha makala kuhusu Siku ya Usonji Duniani, inayoadhimishwa Aprili 2 kila mwaka tangu 2008. Nashukuru kwamba mliikumbuka. Lakini niliisoma kalamu mkononi, nikahesabu. Mara tisa mmeandika "wanaougua usonji", mara nne "wagonjwa wa usonji", na mara moja "janga". Picha zote tatu zilikuwa za watoto. Mtu mzima hakuwamo hata mmoja.

Mimi ni mtu mzima, nina miaka 34. Nina usonji, kwa Kiingereza autism, yaani ubongo wangu hupokea sauti, maneno na watu kwa namna tofauti na wengi. Nilikuja kulijua jina la hali yangu nikiwa na miaka 27, siku nilipomsindikiza dada yangu hospitali na mwanawe. Kila swali ambalo daktari alimuuliza kuhusu mtoto, nilijikuta nalijibu kimoyomoyo kwa habari zangu mwenyewe. Siumwi. Sijawahi kulazwa wala kumeza kidonge kwa ajili ya usonji. Nilizaliwa nao na nitazeeka nao.

Najua kuna atakayesema nabishania maneno tu. Basi nieleze jinsi neno hilo lilivyonifuata hadi kwenye chumba cha usaili. Niliomba kazi ya kutunza stoo. Mtihani wa kuandika nilifaulu vizuri. Siku ya mahojiano nikaona heri niseme ukweli mapema, nikawaambia nina usonji. Mmoja wa waliokaa mezani akaweka kalamu chini, akaniuliza kwa upole kabisa, "Sasa ukizidiwa kazini, tumwite nani?" Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa msomaji wa magazeti kama wengine, na magazeti yalishamwambia aliyeketi mbele yake ni nani. Mgonjwa hakabidhiwi funguo za stoo, hupewa pole. Nikapewa pole, nikarudi nyumbani.

Kabla ya hapo nilishapoteza kazi nne, na hakuna hata moja niliyoondolewa kwa kuiharibu. Ya kwanza ilikuwa dukani, Kariakoo. Jenereta lilinguruma mlangoni, watu watatu walinituma kwa wakati mmoja kwa kupaza sauti, na tajiri alipenda kusema, "Lete ile nanihii ya juzi." Nikisimama kufikiri ni ipi, jibu lilikuwa "we zezeta", mbele ya wateja. Jioni nilifika nyumbani nikiwa siwezi kutamka neno mpaka usiku uingie. Nilivumilia miezi mitano. Kwingine niliponzwa na macho. Nililelewa na bibi, Kilosa, na kwa bibi mtoto kumkazia macho mkubwa ni utovu wa adabu, kwa hiyo pale nyumbani nilihesabiwa kuwa mwenye heshima kuliko wajukuu wote. Mjini, tabia ile ile iliandikwa kwenye fomu yangu ya tathmini: "Hajiamini, huenda anaficha jambo."

Tunayo sheria. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini fomu nilizojaza zina visanduku vya viungo, macho, masikio na ngozi, kisha "nyingine, taja". Sisi ndio "nyingine". Mwajiri akisikia ulemavu huwazia ngazi na magurudumu, ambavyo ni vya lazima kwa wanaovihitaji. Kinachonibakiza mimi kazini hakionekani kwa macho, na mara nyingi hakina gharama.

Leo nafanya kazi eneo la Gerezani, stoo ya vipuri, huu mwaka wa tatu. Msimamizi wangu hakusomea usonji popote. Aliniuliza tu, "Ufanyiwe nini ili ufanye kazi vizuri?" Nikamwambia mambo matatu: maagizo yaandikwe, meza yangu ikae mbali na mashine ya kukatia vyuma, na kukiwa na kuhesabu mali au kubadilisha zamu nijulishwe siku moja kabla. Akanunua daftari la kaunta, akasogeza meza. Basi. Gharama yote ikawa hilo daftari.

Wiki iliyopita alikuja fundi wa pampu za maji na beringi iliyosagika, namba imefutika kabisa. Tayari alishauziwa mbili zisizoingia. Nikaipima: tundu milimita 17, nje 40, unene 12. Hiyo ni beringi namba 6203, sikuhitaji kufungua kitabu. Nikamuuliza mota inakaa wapi. Akasema kisimani, kwenye unyevu. Nikampa yenye kifuniko cha mpira badala ya bati, maana bati huacha mwanya na maji yangeingia. Juzi amerudi na mwenzake, akauliza kaunta, "Yule mtu wa namba yupo?" Jina hilo nalipenda. Linataja ninachokijua.

Ndugu Mhariri, nchi hii ilishawahi kubadili maneno yake. Nikiwa mtoto, "zeruzeru" lilitamkwa barabarani bila haya. Leo gazeti lako lenyewe huandika "mtu mwenye ualbino", na linaandika hivyo kwa sababu wenyewe walisema, wakasema tena, mpaka wahariri wakasikia. Viziwi nao wamebaki na jina lao, ndilo lililomo katika CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania. Kwa hiyo sidai kila neno la zamani lifutwe. Mimi napenda "mwenye usonji". Yupo ninayemfahamu anayetaka aitwe vingine, naye asikilizwe.

Majirani zetu wa Kenya wameliweka jambo hili ndani ya Katiba yao ya mwaka 2010. Ibara ya 54 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha, na ibara hiyo hiyo inataka angalau asilimia 5 ya nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa zifike kwa watu wenye ulemavu. Jina na kiti, ibara moja. Naamini walioiandika walijua kwamba anayeitwa vibaya hafiki hata kwenye mlango wa usaili.

Ombi langu ni dogo. Aprili ijayo, pamoja na watoto na wazazi wao, tafuteni mtu mzima mwenye usonji anayefanya kazi, na msimwite mgonjwa. Mkinitaka mimi, nipo stoo saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, isipokuwa Jumapili. Nitumieni maswali kwa maandishi, siku moja kabla.

Msomaji wenu,
Gerezani, Dar es Salaam