YAH: MALALAMIKO KUHUSU KAVA LA SIMU LENYE PICHA YA GARIMOSHI

Ndugu Meneja,

Salaam. Naandika kwa adabu kwa kuwa ndivyo nilivyolelewa, si kwa kuwa kampuni yenu imeistahili.

Kava nililoagiza ni lile la Garratt, aina ya garimoshi la mvuke: magurudumu na vyuma ni vya picha ya kamera, moshi na anga ni vya brashi. Hapo kamera na brashi zinapokutana ndipo uzuri wake ulipo, na ndipo mlipoharibu. Rangi ya moshi imevimba na kubanduka, nikiligusa linaacha vumbi la kijivu kidoleni. Nalo tundu la kamera mmelitoboa juu ya injini ya mbele. Garratt ina injini mbili, moja mbele na moja nyuma, boila likiwa katikati. Ndivyo zilivyojengwa tangu ile ya kwanza ya 1909. Ukiifuta ya mbele, umebaki na nini?

Nikapiga simu. Mhudumu wenu akanijibu: "Mzee wangu, hizo treni ni za zamani, na vya zamani hubanduka. Hiyo ndiyo sanaa yenyewe." Kisha akacheka.

Kipengele chenu cha bidhaa yenye kasoro mnakijua, sitawasomea. Picha nilishazituma, mkazipokea, mkajibu kwa ujumbe wa mashine unaonishukuru kwa "maoni" yangu. Maoni! Wino unaokaushwa kwa mwanga wa urujuanimno haushiki vizuri kwenye plastiki ambayo haikusafishwa mafuta. Hilo fundi yeyote wa uchapaji analijua, na halihusiani na umri wa treni. Msanii sina ugomvi naye. Kazi yake ilikuwa safi mpaka ilipofika kwenye mashine zenu.

Nirudi kwenye ile simu, maana bado inanichoma. Baada ya kuniambia vya zamani hubanduka, hakuniweka kwenye muziki wa kusubiri. Aliziba simu kwa kiganja, tena vibaya, nikamsikia akimwambia mwenzake: "Mwingine wa magarimoshi huyu." Wakacheka wote wawili. Aliporudi akaniuliza, kwa sauti tamu kabisa, kama funguo zangu ndizo zilizolikwaruza. Funguo! Nilikuwa nimeshamweleza kwamba kava lilitoka hivyo kwenye bahasha yenu, hata simu halijavishwa. Na kabla ya hapo, wakati naagiza, picha ya uthibitisho mliyonitumia ilionyesha injini zote mbili, tundu likiwa pembeni angani. Ninayo bado.

Mwanzoni nilitaka kava jingine tu. Sasa silitaki. Nataka fedha zangu zote pamoja na gharama ya usafirishaji, na barua ya kuniomba radhi iliyotiwa saini na wewe mwenyewe, inayotaja maneno niliyoambiwa. Kava lenu mtalifuata kwa gharama zenu. Mimi sipangi foleni ya kurudisha takataka.

Mkikaa kimya hadi mwisho wa juma lijalo, nitaiomba benki yangu ibatilishe malipo na nitafikisha shauri hili kwa mamlaka ya kulinda walaji. Picha ya tangazo lenu na ya nilichopokea nitaziweka hadharani bega kwa bega, na maneno ya mhudumu wenu chini yake, neno kwa neno.

Wenu, mteja mliyemcheka.

Viambatisho: picha ya uthibitisho, picha za kava, stakabadhi ya malipo.