Kabla ya Kununua Kadi ya Grafiki, Tuambie Unarekodi kwa Kamera Gani

Mhariri wa video za harusi akiingia dukani, swali huwa ni lile lile: "Kaka, kadi gani kali hapo?" Nasi humuuliza kwanza anarekodi kwa kamera gani. Wapo wanaodhani tunazungusha maneno ili tuwauzie kitu cha bei kubwa. Lakini kadi inayoendesha GTA V bila wasiwasi inaweza kukwama vibaya kwenye dakika chache za video ya sendoff, na kadi yenyewe isiwe na ubovu wowote.

Ndani ya kadi ya grafiki kuna vitu viwili vinavyokuhusu. Kuna viini vya kuchora, ambavyo gemu huvitumia, na ndivyo hivyo hivyo vinavyobeba kazi ya kuweka rangi, kutuliza video iliyotikisika na kuondoa chenga za picha za usiku. Halafu kuna sehemu ndogo ya pembeni ambayo kazi yake ni kufungua video iliyobanwa, na kuibana tena unapotoa faili la mwisho. Sehemu hii hufungua tu mifumo inayoijua. Ikikutana na mfumo usioujua, mzigo wote unaangukia prosesa, na hapo ndipo video inapoanza kuruka fremu.

Sasa angalia kamera ambazo wapiga video wetu wanazipenda: Sony A7 IV, FX3, Canon R6. Zote zinaweza kurekodi 10-bit 4:2:2, mfumo unaobeba taarifa za rangi maradufu ya ule wa kawaida wa 4:2:0, hivyo ngozi ya bibi harusi haiharibiki hata ukichezea rangi sana. Ila kadi za NVIDIA hazikuwa na uwezo wa kufungua 4:2:2 iliyobanwa kwa H.265 (mfumo mmoja wa kubana video) mpaka ulipokuja mfululizo wa RTX 50 mwaka 2025. Hata RTX 4090, pamoja na bei yake yote, haiifungui. Wakati huo huo, prosesa ya kawaida ya Intel ya kizazi cha 12 yenye grafiki ya ndani inaifungua vizuri tu, kwa kuwa grafiki hiyo nayo ina sehemu yake ya kufungua video. Ndiyo maana mhariri akitaka prosesa ya Intel yenye herufi F mwishoni kwa sababu ni nafuu kidogo, tunamkatalia: hizo hazina grafiki ya ndani inayofanya kazi. Na ukiwa na Sony, rekodi kwa XAVC HS, ambayo ni H.265. XAVC S ya 4:2:2 ni H.264, na hiyo prosesa hizi haziifungui kwa njia ya haraka.

Anayerekodi kwa simu hana shida hii. H.265 ya kawaida ya simu ni 4:2:0, na hata GTX 1060 ya zamani inaifungua.

Unaweza kupima mwenyewe nyumbani. Fungua Task Manager, nenda Performance, bonyeza GPU, kisha cheza video ndani ya programu yako ya kuhariri huku ukiangalia mchoro wa Video Decode. Ukilala sifuri huku prosesa ikipanda mpaka asilimia 100, kadi yako haishiriki kufungua video hiyo. Kuna njia ya kutengeneza proksi, yaani nakala nyepesi za kuhariria, na haigharimu hata shilingi. Tumeshawarudisha wateja nyumbani na ushauri huo bila kuwauzia chochote.

Ukishavuka hapo, angalia memori ya kadi. Kwa 4K tungechagua RTX 3060 ya GB 12 kuliko RTX 4060 ya GB 8, ingawa 4060 ni mpya zaidi, inakula umeme kidogo na inaishinda kwenye gemu. Kuondoa chenga ndani ya programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve Studio kunakula memori kweli kweli, na ikijaa, programu inakuambia wazi kuwa memori ya GPU imeisha, kazi inasimama. Ila soma boksi: kuna RTX 3060 nyingine ya GB 8, nayo ni dhaifu zaidi. Mwenye bajeti kubwa na kamera ya 4:2:2 achukue RTX 5060 Ti ya GB 16, amalize. Kwa gemu kwenye skrini ya 1080p, kadi zote hizi zinatosha, hatuna la kuongeza.

Kadi tusiyomshauri mhariri yeyote ni RX 6400 na nduguye RX 6500 XT. Zinacheza gemu, lakini watengenezaji wake, AMD, hawakuziwekea kabisa sehemu ya kubana video.

Wengi wenu mnatumia kompyuta za ofisini za mtumba, Dell OptiPlex au HP EliteDesk zile nyembamba. Pawa saplai yake ni ndogo, haina waya wa kulisha kadi, na keisi haipokei kadi ndefu. Humo inaingia RTX 3050 ya GB 6, ile yenye kimo kifupi (low profile), inayotumia wati 70 kutoka kwenye mazabodi yenyewe. Kung'ang'ania kadi kubwa zaidi ni kununua kompyuta nyingine bila kujua.

Kadi za mtumba tunauza pia. Nyingi ziliingia sokoni baada ya Septemba 2022, sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi. Iliyochimba si lazima iwe mbovu, ila feni na pedi za joto zikaguliwe. Hatari kubwa ni kadi zilizobadilishwa jina: GTX 550 Ti inayojitambulisha kama GTX 1050 Ti, au RX 580 yenye maandishi 2048SP, ambayo kwa kweli ni RX 570. Programu ya bure ya GPU-Z huzitambua NVIDIA bandia nyingi za aina hiyo. Tunaiendesha mbele yako kabla hujalipa. Njoo na flashi yenye dakika moja ya video yako, na picha ya stika ya pawa saplai. Ukifika nyumbani, waya wa monita chomeka kwenye kadi, usichomeke kwenye mazabodi; simu nyingi za "kadi yenu haifanyi kazi" zinaishia hapo.