Perpetua aliandika mwenyewe, mbona hatumsomi?

Mhariri, naomba nafasi kidogo.

Kuna msomaji mwenzetu aliandika kwamba maandishi ya Wakristo wa mwanzo yasiyokuwemo kwenye Biblia ni vitabu vilivyofichwa, eti wakubwa wa kanisa hawataki tuvione, na hata mtaani naona wengi wanaamini hivyohivyo. Mi nafundisha watoto wa kipaimara parokiani, miaka mingi sasa, na hili jambo linaniuma kweli maana hayajafichwa na mtu, yapo, barua saba za Ignasi, askofu wa Antiokia, zipo, barua ya Klementi, askofu wa Roma, kwa Wakorintho ipo, ni sisi tu hatuyafungui.

Ngoja nimtaje mmoja tu. Darasani kwangu sikosi binti anayeitwa Perpetua au Felisita, nikimuuliza somo wako alikuwa nani anajua sikukuu yao ni tarehe 7 Machi basi, au ananiambia alikuwa sista. Jamani hakuwa sista! Alikuwa mama ananyonyesha, miaka kama 22, wa Karthago, karibu na Tunis ya leo, Mwafrika wa huko kaskazini, katoka familia ya maana na shule kasoma, akakamatwa mwaka 203 akiwa bado mkatekumeni, yaani anafundishwa dini lakini hajabatizwa, pamoja na wenzake, wakiwemo Felisita na Revokato ambao walikuwa watumwa. Wakabatizwa wakiwa tayari chini ya ulinzi. Alafu humo gerezani akaandika yanayompata, na yule aliyekuja kukusanya habari zao anasema wazi kwamba sehemu hiyo ameiacha vilevile kama Perpetua alivyoiandika kwa mkono wake. Mwanamke Mkristo wa zama zile anaongea kwa sauti yake mwenyewe, hebu fikiria ni wangapi tunao wa namna hiyo.

Na anaandika nini sasa? Anaandika baba yake alivyokuja kumbembeleza aikane imani, yeye akamwonyesha mtungi uliokuwa pale akamuuliza, hiki waweza kukiita jina lingine tofauti na kilivyo? Baba akasema hapana, naye akamjibu, basi na mimi siwezi kujiita kitu kingine, mimi ni Mkristo. Anaandika giza la gerezani na joto na msongamano, na hofu ya mtoto wake aliyekuwa amedhoofika kwa njaa, mpaka mashemasi wawili, Tertio na Pomponio, wakawapa askari hela ili wafungwa watolewe masaa machache wapate hewa, hapo ndo akapata kumnyonyesha. Baadaye aliporuhusiwa kukaa na mtoto anasema gereza likawa kwake kama ikulu. Mama yeyote aliyewahi kunyonyesha hilo atalielewa bila kuelezwa na padre. Siku ya hukumu baba kaja na mtoto mkononi, mhurumie mwanao, hakimu Hilariano naye anamwambia hivyohivyo, na alipokataa mzee akachapwa fimbo mbele yake, anasema iliniuma kama nimepigwa mimi. Hakumchukia baba yake hata kidogo, na mimi hapo ndo huwa nasimama kusoma.

Felisita alikuwa na mimba ya miezi 8, akajifungua binti humohumo gerezani, mtoto akalelewa na dada mmoja Mkristo. Maandishi ya Perpetua yanaishia siku moja kabla ya kupelekwa uwanjani kuuawa, anasema yatakayotokea huko atakayetaka na aandike.

Sasa wanaosema kama haimo kwenye Biblia haitufai, Augustino mwenyewe, yule askofu wa Hipo, Mwafrika pia, alisema kitabu hiki si Maandiko Matakatifu, na bado siku yao ilipofika alihubiri juu ya hawa wanawake na habari zao zikasomwa kanisani. Hakuona shida, si Biblia na kinasomwa, sijui sisi tumepata wapi kwamba ni lazima uchague kimoja. Hata leo majina yao yamo kwenye Sala ya Ekaristi ya kwanza, Felisita, Perpetua, padre anayataja tunayasikia tunaitikia Amina, na wanaosali Kipindi cha Masomo, sehemu ya sala rasmi za kila siku za Kanisa, tarehe 7 Machi wanakutana na kipande cha mateso yao. Lakini muumini wa kawaida kigangoni hajawahi kusomewa hata ukurasa mmoja.

Kwa hiyo ombi langu mhariri, tarehe 7 Machi ijayo, siku moja kabla ya siku ya wanawake, ile safu ya dini muiachie Perpetua, mchapishe maneno yake kwa Kiswahili cha kueleweka, msiweke wasifu wa mistari minne kama inavyokuwaga kwenye kalenda. Mabinti wangu Jumamosi hii naanza nao na ule mtungi.

Mwalimu wa kipaimara