Ile pampu ya kahawia

Mwanangu Zainabu,

Salaam aleikum. Sisi huku Arua hatujambo, ila vumbi la kiangazi ndilo linatusumbua. Shangazi yako kanipigia simu kutoka Kampala, akasema pampu yako ya pumu, ile ya kahawia, umeifungia kabatini kwa kuwa umepata nafuu, na mkobani unatembea na ya bluu tu. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu utanijibu "ndiyo Mama" halafu basi.

Hiyo nafuu unadhani imetoka wapi? Pumu haihami siku usipokohoa. Mirija ya hewa hubaki na uvimbe ndani kwa ndani, ikisubiri moshi wa sigiri au vumbi la barabarani ili ibane. Ya bluu, salbutamoli, hulegeza misuli iliyobana. Dakika chache tu unapumua, na baada ya saa nne hadi sita nguvu yake imekwisha. Uvimbe haiugusi. Inayoshusha uvimbe ni beklometasoni, hiyo uliyoifungia, tena polepole, siku kadhaa au hata wiki, mradi uivute asubuhi na jioni hata kifua kikiwa chepesi. Watu huidharau kwa sababu haileti raha ya papo hapo. Lakini tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, hautaki tena mtu mzima atibiwe kwa salbutamoli peke yake.

Nimesikia pia wenzako wa hosteli wanakutisha kuwa hiyo ya kahawia ni steroidi, jamii ya dawa za kushusha uvimbe, utavimba mashavu. Piga hesabu, wewe ndiye msomi: dawa ya kuvuta hupimwa kwa maikrogramu, 50 au 100 au zaidi kidogo kwa mpulizo mmoja. Prednisoloni, steroidi ya vidonge uliyomezeshwa ulipolazwa, hupimwa kwa miligramu, na miligramu moja ni maikrogramu 1,000. Anayeikimbia dozi ndogo ndiye huishia kumezeshwa kubwa. Kero utakayoiona mapema ni utando mweupe mdomoni au sauti kukwaruza, basi kila ukimaliza kuvuta sukutua maji uteme.

Na uvute vizuri. Ulipokuja likizo nilikutazama, dawa nyingi iliishia ulimini. Tikisa pampu, toa pumzi, ibane kwa midomo, bonyeza huku ukivuta taratibu, kisha zuia pumzi uhesabu hadi kumi. Ikikushinda, chukua chupa ya maji ya nusu lita, toboa kitako chake tundu la kuenea mdomo wa pampu, ziba pembeni kwa plasta, uvutie kwenye shingo ya chupa.

Sisemi utavuta maisha yako yote kwa dozi hiyo hiyo. Pumu ikitulia miezi mitatu hivi, daktari anaweza kuipunguza. Daktari, si wewe, wala si yule muuza duka la dawa anayekuuzia ya bluu bila hata kukuuliza ya mwisho iliisha lini. Mwulize pia daktari kuhusu pampu yenye budesonidi ya kushusha uvimbe na fomoteroli ya kulegeza misuli pamoja. Wengine huitumia hiyo moja kwa kila siku na kwa kubanwa. Ila siku ukibanwa hadi huwezi kumaliza sentensi, vuta ya bluu ukiwa njiani kwenda hospitali, usingoje kuche.

Pesa nimetuma kwenye simu yako. Ni ya pampu, si ya kusuka nywele.

Mama yako