Dhahabu iliyofungwa ndani ya salfaidi haitoki kwa kuongeza sianidi

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie kosa linalojirudia katika habari za uchenjuaji wa dhahabu, yaani kudhani kwamba mbale (mawe yenye dhahabu) inayotoa dhahabu kidogo kwenye matangi ya sianidi, kemikali inayoyeyusha dhahabu, ni mbale maskini. Nimepima marudio, yaani mabaki ya mbale iliyokwisha kuchenjuliwa, kwa miaka mingi, na si mara moja nimekuta humo nusu nzima ya dhahabu iliyoingia kinuni.

Chanzo ni madini ya salfaidi, yaani metali zilizoungana na salfa, hasa pairaiti (ya chuma) na asenopairaiti (ya chuma na aseniki), ambayo huificha dhahabu katika chembe zisizofikia hata mikroni 1 (sehemu ya elfu ya milimita), nyingine zikiwa zimejichanganya na fuwele yenyewe kiasi kwamba hadubini ya kawaida haizioni. Hata ukilisaga jiwe hilo likawa laini kama unga, kila punje ya asenopairaiti hubaki imefungwa, na sianidi huishia nje. Anayeongeza dozi hujitia hasara, kwa kuwa salfa huila sianidi hiyo na kuigeuza thiosianeti, muungano wa sianidi na salfa.

Dawa ni kuioksidisha salfaidi kwanza, yaani kuivunja kwa oksijeni ili dhahabu ifunguke. Kuchoma ndiyo njia kongwe, ila hutoa salfa dioksidi na mvuke wa oksidi ya aseniki, sumu ambayo mtu asiye na mitambo ya kuikamata hana haki ya kuizalisha. Tangi la shinikizo, lenye oksijeni na joto la nyuzi 180 hadi 230 za Selsiasi, humaliza kazi kwa takriban saa 1, lakini ujenzi wake ni ghali mno. Mimi naegemea bakteria wanaoishi kwenye asidi na kuivunja salfaidi, ambao mgodi wa Fairview, Afrika Kusini, umewatumia tangu 1986. Huchukua siku kadhaa katika nyuzi 40 hivi, na wengi huwadharau kwa sababu hiyo. Hata hivyo, aseniki hubaki kwenye maji, na chuma kikiwa cha kutosha hutuama pamoja nacho kama tope lililo tulivu, lisiloyeyuka tena kirahisi.

Jambo moja halina mjadala: tope la mbale linalotoka kwenye tangi la shinikizo au la bakteria ni asidi kali, na ni lazima lioshwe, kisha litiwe chokaa hadi pH (kipimo cha asidi, ambacho hupanda asidi inapopungua) ipite 10 kabla sianidi haijaguswa, vinginevyo hutoka gesi ya hidrojeni sianidi, ambayo huua.

Kwa hiyo nawaomba waandishi wenu, wanapotaja gramu za dhahabu kwa tani ya mbale, waulize pia ni gramu ngapi kati ya hizo zinazoyeyuka kabla ya salfaidi kuvunjwa, na ngapi baada yake.

Mpimaji wa madini