Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024: Tuzo Zetu za Uhalisia Pepe

Ndugu wanachama, wajumbe wa Kamati Tendaji, wazee wetu washauri na wageni waalikwa, itifaki imezingatiwa.

Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tena. Kabla sijaendelea naomba tusimame kwa dakika moja kumkumbuka mwenzetu aliyetangulia mbele ya haki mwezi Machi, ambaye ndiye aliyetushonea vitambaa vya kuvalia chini ya miwani ya uhalisia pepe (VR), ile inayofunika macho na kumweka mtu ndani ya picha inayomzunguka pande zote, ili watu wasiambukizane jasho. Ahsanteni, tuketi.

Shughuli za kawaida sitazirefusha, kwa kuwa wengi mlikuwepo au mlizisoma kwenye kundi letu la WhatsApp. Kamati Tendaji ilikaa vikao sita. Tuliendesha semina tatu, tukatembelea shule mbili za sekondari, tukatengeneza miwani mbili zilizoharibika lenzi kwa jua. (Narudia tena: miwani isiachwe dirishani. Lenzi zake hukusanya mwale wa jua na kuunguza kioo cha ndani kwa muda mfupi tu.) Katibu anayo taarifa kamili ya hayo yote, atakayetaka amwone.

Nije kwenye jambo ambalo najua ndilo lililowaleta wengi wenu leo, nalo ni hafla ya tuzo ya mwezi Novemba na uamuzi wa kutotoa Tuzo Kuu, uliowafanya baadhi yenu watoke ukumbini kwa hasira.

Wazo la tuzo hizi nililileta mimi, mwaka 2018, katika kikao cha watu tisa, Sinza, chini ya mwembe. Silitaji hili kwa kujisifu. Nalitaja kwa sababu yamesemwa maneno kana kwamba mimi ni mtu niliyekuja kuziua. Wakati ule hata wenzetu wa mbali walikuwa ndiyo kwanza wanaanza: hafla ya tuzo za uhalisia pepe iitwayo VR Awards ilifanyika kwa mara ya kwanza London mwaka 2017, na mwaka huo huo tamasha la filamu la Venice likafungua mashindano rasmi ya kazi za uhalisia pepe, kwenye kisiwa kidogo cha Lazzaretto Vecchio, ambacho zamani walikuwa wakitengwa wagonjwa wa tauni. Sisi tulifuata mwaka mmoja baadaye, bila ukumbi, tukiwa na miwani moja ya kuazima. Mtu aliyebeba miwani ile kwenye daladala kutoka Mbezi hawezi kutaka tuzo hizi zife.

Sasa uamuzi wenyewe. Mwaka huu tulipokea kazi 23. Majaji walikuwa watano, watatu kati yao si wanachama wetu. Tuzo nne zilitolewa kama kawaida: ya elimu, ya afya, ya mchezo, na ya filamu ya digrii 360, ile ambayo mtazamaji akigeuka anaona pande zote. Washindi wake nawapongeza tena kwa dhati. Tuzo Kuu haikutolewa, kwa sababu kanuni yetu ya tisa inataka mshindi apate angalau alama 70 kati ya 100, na kazi iliyoongoza ilipata 61.

Kanuni hiyo sikuitunga usiku wa hafla. Ilipitishwa na Mkutano Mkuu wa mwaka 2021, kwa kunyoosha mikono, na baadhi ya walioipigia kura ndio hao hao waliotoka ukumbini wakibamiza mlango.

Naomba niieleze kazi ile iliyoongoza, bila kuwataja walioitengeneza, maana ni vijana na wana safari ndefu mbele. Ni safari ya jahazi. Mtazamaji anajikuta amekaa sitahani, tanga limejaa upepo, nahodha anaimba nyuma yake, na akigeuka anamwona. Sauti inatoka pale pale alipo mwimbaji, hata ukiinamisha kichwa. Mimi mwenyewe niliitazama mara mbili, na machozi yalinilenga, kwa kuwa marehemu baba yangu alikuwa mtu wa majahazi. Kama tuzo ingetolewa kwa moyo wangu, wangeipata wao.

Lakini majaji watatu kati ya watano walivua miwani kabla ya dakika ya sita, na mmoja alilazimika kutoka nje. Hapa wapo wanachama wanaosema jaji aliyeugua ni jaji dhaifu. Ndugu zangu, hilo si kweli, na sisi wa fani hii tunapaswa kulijua kuliko yeyote. Macho yanaambiwa kwamba chombo kinayumba. Sikio la ndani, ambalo ndilo linalopima mizani ya mwili, linasema mtu ametulia kitini. Ubongo unapokea habari mbili zinazopingana, na mtu anaanza kutokwa jasho, kichwa kinamzunguka, tumbo linachafuka. Nahodha wa kweli mwenye uzoefu wa miaka thelathini anaweza kuugua humo ndani, kwa sababu mwili wake unalingoja wimbi na wimbi haliji.

Juu ya hilo, picha zilikuwa zinakwama. Miwani tunazotumia huonyesha fremu, yaani picha moja moja, 72 kwa sekunde au zaidi, na fundi wetu alipopima kazi ile, kila bahari ilipoonekana nzima zilishuka hadi kama 40. Bahari ilikuwa imejengwa kwa pembetatu nyingi mno, yaani vile vipande vidogo ambavyo kompyuta huviunga kuchora umbo, kuliko chombo kidogo cha kuvaa kichwani kinavyoweza kubeba. Haya ni makosa yanayorekebishika. Unapunguza pembetatu za bahari ya mbali, unampa mtazamaji kitu kimoja kilichotulia mbele ya macho yake, hata kama ni ukingo wa jahazi, na unaacha kuyumbisha upeo wa macho. Ni kazi ya wiki tatu kwa mtu mwenye nia. Lakini haikufanyika, na jaji anahukumu kilichopo mezani.

Imesemwa kwamba tumetumia viwango vya Ulaya kuwapima watu wanaotengeneza kazi kwa kompyuta za kuungaunga. Neno hilo limeniuma kuliko yote. Mwaka 2019, pale pale Venice, filamu ya Mnaijeria Joel Kachi Benson iitwayo Daughters of Chibok ilishinda tuzo ya hadithi bora ya uhalisia pepe. Ni filamu ya digrii 360. Haina jini wala chombo cha angani. Inatuketisha karibu na mama ambaye binti yake ni miongoni mwa wasichana waliotekwa shuleni Chibok, Nigeria, mwaka 2014, na kutuacha naye. Mwafrika huyo hakuonewa huruma na mtu. Alishinda. Mimi sitaki mtoto wa Temeke au wa Tanga aonewe huruma na jopo la kwao nyumbani, kisha akafike mbele ya jopo la ugenini ndipo aambiwe ukweli kwa mara ya kwanza.

Imesemwa pia kwamba hakuna tuzo duniani inayoachwa bila kutolewa. Si kweli. Tuzo ya Mo Ibrahim ya uongozi bora Afrika haikupata mshindi mwaka 2009, wala 2010, wala 2012, wala 2013, na miaka mingine baada ya hapo. Nobel ya Amani haikutolewa mwaka 1948. Heshima ya tuzo hizo haikupungua kwa hilo.

Kuhusu maneno kwamba nilimpendelea mpwa wangu: ni kweli kwamba aliwasilisha kazi, na ni kweli alishinda katika kundi la elimu. Wakati kundi hilo linajadiliwa nilitoka nje ya chumba, nikakaa kwenye gari kwa saa moja na robo. Muhtasari wa kikao upo kwa Katibu na umesainiwa na majaji wote. Mama yake amelia kwa maneno aliyoyasikia, na naomba jambo hilo liishie hapa.

Kuhusu fedha za Tuzo Kuu, shilingi 3,000,000, zipo benki. Mfadhili ameridhia kwa barua zisubiri mwaka ujao. Waliopendekeza zigawanywe kwa watano waliofika fainali nawaelewa, lakini fedha hizo zilitolewa kwa jina la mshindi mmoja, na sina mamlaka ya kuzifanya posho.

Lipo moja ambalo nalibeba mimi. Majaji walimaliza hesabu Ijumaa saa nne usiku. Hafla ilikuwa Jumamosi jioni. Nilikuwa na muda wa kuwapigia simu wale watano wa fainali, na sikuwapigia. Niliona kwamba habari zikitoka mapema ukumbi utabaki mtupu, na mfadhili amekaa mbele. Matokeo yake vijana wale walisikia wakiwa wamevaa suti, mama zao wamevaa vitenge vya sare, wengine wametoka Kilwa kwa basi la alfajiri. Yule binti aliyetengeneza sauti ya nahodha alibaki ameshika simu yake juu, akirekodi, hadi taa zilipozimwa. Uamuzi wa jopo nautetea leo na kesho. Namna ulivyotangazwa haikuwa sawa, na nilikwenda nyumbani kwa kila mmoja wao kuwaambia hivyo.

Niseme na upande wenu pia. Kumhukumu mtu ndani ya miwani si kama kusoma karatasi. Mtu mmoja, miwani moja, kwa zamu. Kazi 23 kwa wastani wa dakika 12 ni zaidi ya saa nne na nusu kwa kila jaji bila mapumziko, na bila mapumziko haiwezekani. Chaji huisha baada ya saa mbili au tatu, umeme ulikatika mara mbili, kuna jaji wa hijabu na jaji wa rasta ambao mikanda ya miwani ilitakiwa kufungwa upya kila mara. Niliomba wasaidizi kumi. Walikuja watatu, na mmoja wao ni mke wangu. Miwani za chama ni sita. Mbili ziliazimwa na wanachama tangu Aprili na hazijarudi. Majina ninayo, na sitayasoma leo.

Chama kina wanachama 118 kwenye daftari. Mkutano wetu uliopita ulipangwa saa tatu asubuhi na akidi ya watu 40 ilitimia saa sita. Kwenye hafla waliingia watu 86, wanachama wakiwa 27. Kati ya wote 118, waliolipa ada kamili ya shilingi 60,000 ni 41, waliolipa nusu ni 19, na 58 hawakulipa hata senti. Shilingi 4,050,000 ziko mifukoni mwenu. Wengi wa waliopiga kelele kuhusu Tuzo Kuu wako katika kundi hilo la tatu, na nasema hili kwa masikitiko.

Kwa ujumla mapato yalikuwa shilingi 11,630,000: ada 3,030,000, wafadhili 7,500,000, viingilio 1,100,000. Matumizi 8,215,000, ambapo hafla peke yake ilikula 5,900,000. Salio ni 3,415,000. Toeni ile milioni tatu ya tuzo, chama chenu kina shilingi 415,000. Mweka Hazina atajibu maswali.

Mwakani tunatarajia, Mungu akipenda, kupata ukumbi wenye jenereta, kuongeza miwani, na kuwa na siku ya majaribio ambapo watengenezaji wataona watu wa kawaida wakizivaa kazi zao kabla ya majaji. Tunaangalia pia uwezekano wa kupeleka mwanachama mmoja kwenye tamasha la nje. Vijana wa jahazi wameniambia wanaipunguza bahari yao, na Jumanne iliyopita waliniletea toleo jipya. Nililitazama mpaka mwisho nikiwa nimesimama.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti