Barua ya kufunga muhula: roketi za Gredi ya Saba

Kwa wazazi na walezi wote,

Salaam. Watoto wanakuja nyumbani na ripoti zao. Tarehe ya kufungua na salio la pesa za chakula vimeandikwa chini ya ripoti, sitavirudia.

Neno langu ni kuhusu zile chupa. Wengi mmeniuliza kwa nini Gredi ya Saba inaomba chupa za soda na maboksi ya sabuni. Wanaunda roketi za maji. Chupa hutiwa maji thuluthi moja, hugeuzwa juu chini, kisha hujazwa hewa kwa pampu ya baiskeli hadi kizibo kifyatuke; maji yakitoka kwa nguvu, chupa hupaa. Mapezi hukatwa kwenye boksi. Pete ya kuyashika tulichapiwa na chuo cha ufundi kwa printa ya 3D, inayoyeyusha plastiki na kuipanga tabaka juu ya tabaka. Parachuti ni kitambaa cha mwavuli mbovu, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2017.

Kabla ya kurushwa, roketi tupu hufungwa uzi pale inapolala sawa kidoleni, ikazungushwa hewani. Pua ikitangulia, iko tayari. Mkia ukitangulia, pua huongezwa udongo. Mwombeni mtoto awaonyeshe.

Watoto wa Malindi wana haki ya kujua pia kwamba tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco hapo baharini Ngomeni, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa mahsusi kuchunguza eksirei kutoka angani. Iliitwa Uhuru, kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake. Mwenye mzee anayeikumbuka, tafadhali amlete azungumze na darasa.

Likizoni watajaribu tu, hata tukiwakataza. Basi mtu mzima awepo, na chupa iwe ya soda: ya maji ya kunywa ni nyepesi, hupasuka. Kizibo kikichelewa kutoka, mtu asiiinamie. Baruti na petroli, hapana kabisa.

Na tafadhali, mwacheni mtoto akate mwenyewe. Kazi ya fundi tunaitambua ikifika mlangoni.

Chupa ziletwe siku ya kufungua, zikiwa zimeoshwa (sisimizi wameshavamia stoo). Msinunue soda kwa ajili ya chupa.

Wenu,
Mwalimu Mkuu